Mama wa kopo si mvivu: wewe ulifungua kopo siku gani, na siku hiyo kulikuwa na nini?

#1 MamaTunu

Habari za jioni wana malezi. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka anisamehe.

Jumamosi nilikuwa duka la dawa pale Igoma. Mbele yangu alisimama binti wa miaka kama ishirini, kambeba mtoto mikononi ndani ya khanga, mtoto ambaye hata shingo bado haijakaza. Akaomba maziwa ya kopo namba 1, yale ya unga ya watoto wa chini ya miezi sita. Alilipa kwa noti za elfu mbili mbili na sarafu alizokuwa amezifunga kwenye pindo la khanga. Mama mmoja mtu mzima aliyekaa kwenye benchi akasema kwa sauti, kila mtu akasikia: "Mabinti wa siku hizi, mnazaa halafu mnaogopa matiti kuanguka." Yule binti hakujibu. Alitia kopo lake kwenye mfuko akatoka ameinamisha kichwa.

Siku tatu sasa lile neno halijanitoka. Mwaka 2016 binti huyo nilikuwa mimi.

Nilikuwa kibarua kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Mkataba sina, nalipwa siku nilizofika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana ruhusa ya kunyonyesha hadi masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Hayo niliyasoma baadaye sana, Tunu ameshaanza shule. Wakati ule msimamizi aliniambia neno moja tu: nafasi yako naishikilia wiki saba.

Wiki ya saba nikarudi mezani. Unasimama na buti za mpira na aproni ya plastiki, mikono ndani ya samaki wa barafu. Saa nne asubuhi maziwa yanajaa. Saa tano yanauma hadi kwapani. Saa sita yanatoka yenyewe, yanalowanisha fulana, yanateremka ndani ya aproni, na mwenzako wa kushoto anajifanya hajaona. Mapumziko yakifika nakimbilia chooni, nakamulia kwenye sinki, nafungulia bomba. Nayaangalia yakienda na maji, na kule nyumbani Mabatini mtoto analilia hayo hayo.

Baada ya wiki mbili hayakuniuma tena saa tano. Nikamshukuru Mungu, nikidhani mwili umezoea. Kumbe yanakata. Ziwa linatengeneza kadiri linavyotolewa; likikaa limejaa kutwa, mwili unapunguza.

Tukaanza kopo. La gramu 400 lilizidi sh 30,000. Mtoto wa miezi mitatu akinywa kama inavyotakiwa, siku nne hazifiki kopo limekwisha. Miezi sita yote ni kama kilo 20 za unga, yaani makopo 50. Nani kwenye chumba kimoja cha kupanga anayo hiyo hela? Tukafanya wanavyofanya wengi bila kumwambia mtu: tukaongeza maji. Kopo lilisema kijiko kimoja cha kusawazisha kwa mililita 30. Chupa ya mililita 120 ni vijiko vinne. Mdogo wangu aliyekuwa anabaki na mtoto aliweka viwili, na ni mimi niliyemwambia aweke viwili. Chupa inaonekana nyeupe, mtoto anajaa maji, analala.

Kadi ya kliniki ninayo hadi leo. Miezi mitatu, kilo 5.4. Miezi minne, kilo 5.4. Mstari wa wenzake unapanda, wake umelala. Kisha akaanza kuharisha, tukalazwa siku sita. Nesi hakunigombeza. Aliniuliza tu, maji mnachota wapi. Tulikuwa tunakaa kule juu kwenye mawe. Bomba likikatika tunanunua ndoo inayopandishwa na vijana, na ilikojazwa hujui.

Kwa hiyo sikuja kulitetea kopo, lilitaka kunichukulia mwanangu. Ninachokataa ni kumwona mama ameshika kopo na kudhani unajua kilichompeleka dukani. Naomba kila mwenye kuchangia aseme siku. Ulifungua kopo siku gani, na siku hiyo kulikuwa na nini?

#2 Mkazi wa Nyegezi

Pole sana dada. Mimi ni baba, naomba kuuliza kwa nia njema. Hayo maziwa Ulaya wanakunywa watoto wengi tu na wanakua. Ubaya wake uko wapi hasa, kwenye kopo lenyewe au kwenye umaskini wetu?

#3 MamaTunu

Swali zuri kaka. Yote mawili. Kopo halina kinga anayotoa mama, na hilo halibadiliki popote lilipo. Ila kinachoharakisha ugonjwa huku kwetu ni maji, chupa na kipimo.

Jambo moja nililoambiwa wodini na sijawahi kuliona likisemwa dukani: ule unga hauna usafi wa asilimia mia. Unaweza kuwa na vijidudu hata kopo likiwa jipya. Ndiyo maana maji yanachemshwa, na unga unatiwa yakiwa bado moto wa nyuzi 70 au zaidi, yaani usiyaache zaidi ya nusu saa tangu yachemke. Ukishakoroga ndipo unapooza chupa kwenye maji baridi, unajaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Sisi tulikuwa tunafanya kinyume: maji tumechemsha jana, yamepoa kwenye chupa ya soda, tunakorogea humo.

Na yaliyobaki yanamwagwa. Yakipita masaa mawili, mwaga. Mwaga hata kama roho inauma, na najua inavyouma.

#4 NesiMstaafu

Nimekaa wodi ya wazazi na kliniki ya watoto miaka mingi, sasa nafuga kuku Kisesa. Nawasalimu wote.

Nikijibu swali la mleta uzi kwa niaba ya kina mama niliowahudumia, siku ya kopo mara nyingi ni usiku wa siku ya tatu au wa nne. Mama katoka hospitali, mshono unauma, matiti bado laini, mtoto analia. Ndani ya nyumba kuna watu wanne na kila mmoja anasema "maziwa hayatoshi". Hakuna hata mmoja anayejua namna ya kumweka mtoto kwenye ziwa.

Mtoto wa siku moja anatosheka na kijiko kimoja cha chai kwa mnyonyo. Yale maziwa ya kwanza, mazito ya njano, ambayo baadhi ya bibi zetu wanayaita machafu na kuyakamulia chini, ni kidogo kwa sababu tumbo nalo ni dogo. Mengi yanashuka kati ya siku ya pili na ya nne, na yanashuka vizuri zaidi kama mtoto aliwekwa ziwani ndani ya saa ile ya kwanza. Uzito kupungua siku za mwanzo ni kawaida, ilimradi usipite asilimia 10, na kufikia wiki mbili awe ameurudia.

Utajuaje kama anashiba? Msiangalie kilio. Hesabuni nepi. Kuanzia siku ya tano mtoto akikojoa mara sita au zaidi kwa siku, mkojo mweupe, maziwa yapo. Kuna vipindi, kama wiki ya tatu na ya sita, anataka kunyonya kutwa nzima; anaagiza maziwa ya wiki ijayo. Ukimpa kopo siku hizo, agizo halifiki, maziwa yanapungua kweli, halafu wote wanne wanasema "si tuliwaambia?"

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 64 ya watoto wa chini ya miezi sita wananyonya maziwa ya mama peke yake, toka 59 ya utafiti wa 2015-16. Tumepanda. Wengi waliobaki wala hawapewi kopo, wanapewa maji, uji mwepesi na maziwa ya ng'ombe. Yule mama wa kwenye benchi hapo Igoma angeulizwa aliwapa nini wanawe wakiwa na miezi miwili, sijui angejibu nini.

#5 AliyewahiKukaaIgogo

Shikamoo mama nesi. Mimi siku yangu naisema hapa kwa sababu jina halionekani.

Mwaka 2006 nilipimwa nikiwa na ujauzito wa miezi saba. Ninao virusi vya Ukimwi. Ushauri wa wakati ule ulikuwa hivi: kama unao uwezo wa kopo na maji safi, mpe kopo tupu, kama huna, mpe ziwa tupu halafu uache mapema. Kuchanganya ndiyo hatari kubwa. Mume wangu alikuwa na kazi, tukachagua kopo.

Hakuna aliyeniandaa kwa majirani. Pale Igogo tunapikia uwanja mmoja. Wiki ya pili jirani akaniuliza mbele za watu, "Wewe mbona hatukuoni ukinyonyesha?" Nilisema nina jipu la ziwa. Miezi mitatu baadaye, "Jipu gani hilo?" Kopo lilikuwa linanitangaza kuliko kipaza sauti. Akija mgeni, namtolea mtoto ziwa anyonye kidogo wasiseme. Kwa hiyo nilichanganya, kile kile nilichokatazwa, kwa ajili ya aibu. Mungu alimlinda, mwanangu ni mzima, ana miaka zaidi ya kumi na minane.

Mtoto wa pili nilimzaa 2019. Safari hii niko kwenye dawa kabla hata ya ujauzito, nazimeza kwa muda wake kila jioni. Nesi akaniambia nyonyesha, maziwa yako peke yake miezi sita, kisha endelea na vyakula, wewe usikose dawa na mtoto apate dawa yake ya maji wiki sita za mwanzo. Nililia nikidhani amekosea faili. Kapimwa wiki sita, hana. Kapimwa tena baada ya kuacha ziwa, hana. Niliketi barazani nikamnyonyesha mchana kweupe.

Naandika hili kwa sababu mwaka huu nimekutana na binti amefichwa na mama yake, mtoto wake anapewa kopo "ili asiambukizwe", na dawa za mama ziko mezani. Bado tunaishi na ushauri wa 2006. Nendeni kliniki mkaulize upya.

#6 Baba wa Sengerema

Kwangu kopo lilifunguliwa siku tuliyorudi kutoka kuzika. Mke wangu alijifungua akatokwa damu nyingi, hakukaa. Mtoto alibaki na mama yangu mzazi.

Mama alianza kumpa maziwa ya ng'ombe kwa sababu ng'ombe tunao, na yeye alilelewa hivyo. Daktari akamweleza kwa upole kwamba maziwa ya ng'ombe kwa mtoto mchanga yana chumvi na protini nyingi kwa figo zake, madini ya chuma hayatoshi, na utumbo unaweza kuvuja damu kidogo kidogo bila nyinyi kuona. Akatuandikia kopo. Niliuza ndama wawili na baadaye watatu.

Mama yangu hakutumia chupa hata siku moja. Alimnywesha kwa kikombe kidogo cha plastiki, taratibu, mtoto anakilamba kama paka. Nesi alimsifu, akasema kikombe kinaoshwa kikatakata na chupa ina kona nyingi. Watu waliokuwa wanamwona mama na kopo sokoni wakamwuliza mkwe wake ni binti gani huyo asiyenyonyesha. Alikuwa anawajibu, "Amelala." Nilimsikia mara moja tu, sikutaka kumsikia tena.

#7 Mwalimu_Magu

Pole sana baba. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Huku kwetu nataja sababu ambayo hospitali hawaiandiki: kubemenda, ile imani kwamba wazazi wakikutana kimwili mtoto anayenyonya anaugua. Mume anatoka kambi ya uvuvi visiwani baada ya mwezi, watu wa mwaloni mnajua. Wiki hiyo mtoto anaharisha. Mama mkwe anasema moja kwa moja mtoto amebemendwa, maziwa yameharibika, yasinyonywe tena. Nilikuwa na mtoto wa miezi minne nikaachishwa ziwa kwa neno hilo, nikaletewa kopo na mume mwenyewe, kwa upendo kabisa, anajiona ndiye mkosaji. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyekuwa na nia mbaya. Nilibanwa maziwa siku tano nikapata homa.

Mama nesi, hebu liseme hili wazi.

#8 NesiMstaafu

Nalisema wazi: tendo la ndoa haliharibu maziwa. Hata ujauzito mwingine hauyageuzi kuwa sumu, ingawa yanaweza kupungua na mama anahitaji kula zaidi. Mtoto anayeharisha ndiye anayehitaji ziwa kuliko wote. Kilichokuwa na busara ndani ya mila ile ni kutaka watoto wapishane, na hilo siku hizi lina uzazi wa mpango.

#9 DukaLaDawa_Mtaani

Mimi niko upande wa pili wa kaunta. Kuna kanuni za mwaka 2013 za nchi hii kuhusu uuzaji wa vyakula vya watoto wachanga, zinazofuata msimamo wa kimataifa uliopitishwa 1981. Kopo halitakiwi kuwa na picha ya mtoto, linatakiwa liseme maziwa ya mama ni bora, na hairuhusiwi kumpa mama sampuli ya bure. Hata hivyo aliwahi kuja dukani mtu wa mauzo na kalenda na fulana, akitaka nipange makopo yale mbele usawa wa macho. Nilikataa, na sijui wangapi walikataa.

Nilichojifunza: mama akiomba kopo namuuliza mtoto ana umri gani na maji anachemsha na nini. Inachukua dakika mbili. Wengine hununua namba 2 kwa mtoto wa mwezi mmoja kwa sababu ndilo lililopungua bei. Hilo ni la kuanzia miezi sita.

#10 Mgeni_Buhongwa

Samahanini, nimejiunga sasa hivi. Mwanangu ana siku 12. Kazaliwa na kilo 3.2, juzi kapimwa 3.0. Analia kila akitoka ziwani, chuchu zangu zimepasuka zinatoa damu, nikimuweka nauma meno. Mama mkwe ameleta kopo lipo mezani halijafunguliwa. Ni saa sita usiku. Nifanye nini?

#11 NesiMstaafu

Mwanangu, je, anachangamka? Anakojoa? Ana homa, amekuwa wa njano machoni, au analala mno hata kuamka kunyonya ni shida? Kama kuna moja ya hayo, usisubiri asubuhi, nenda hospitali.

Kama hakuna: kaa, mgongo uegemee. Tumbo la mtoto ligusane na lako, pua yake ielekee chuchu. Msubiri apanue mdomo kama anapiga miayo, ndipo umlete yeye kwenye ziwa, usilipeleke ziwa kwake. Kidevu kiguse. Lile eneo jeusi la chini liingie mdomoni zaidi ya la juu. Kama bado inachoma baada ya nusu dakika, ingiza kidole kwenye pembe ya mdomo wake, mtoe, anza tena. Hata mara kumi. Chuchu kupasuka mara nyingi ni alama kwamba ameshika ncha tu.

Asubuhi nenda kliniki, mwambie nesi akuangalie ukinyonyesha. Usikubali kupimiwa uzito tu ukaondoka.

#12 MamaTunu

Na ukishindwa usiku huu ukalifungua, hakuna atakayekucheka hapa. Maji yachemke, unga kwa kipimo chote, kikombe, kinachobaki mwaga. Kabla ya kikombe mpe ziwa kwanza.

#13 Mgeni_Buhongwa

Wadau, nimerudi baada ya wiki moja. Nililifungua usiku ule saa tisa, nikampa mara moja, na usiku uliofuata mara moja. Nililia.

Kliniki nesi aliniweka kwenye kiti akanishika mkono wa kulia akausogeza kidogo tu, mtoto akashika ziwa na maumivu yakakatika palepale. Alikuwa ananyonya ncha, kama ulivyosema mama. Leo kapimwa 3.25. Mume wangu amepika yeye siku zote hizi nimekaa tu na mtoto. Mtoto akitimiza miezi mitatu natakiwa kurudi kazini, ofisi yetu ina friji, nataka nianze kujifunza kukamua. Kopo bado lipo kabatini.

#14 MamaTunu

Nimesoma 3.25 nikaita watu wa nyumbani kwangu waje wasome.

Kukamua anza wiki mbili kabla ya kurudi, mikono safi, chombo chenye mfuniko kilichochemshwa. Kwenye friji yanakaa siku nne. Nje, kivulini, yasizidi masaa manne, na kwa joto la mchana la hapa usiyafikishe huko. Mpelekee bosi barua ya yale masaa mawili ya kunyonyesha mapema, kwa maandishi, ubaki na nakala.

Lile kopo andika tarehe uliyolifungua juu ya mfuniko. Likishafunguliwa linatumika ndani ya wiki nne, likipita hapo usimpe mtoto wala usimgawie jirani.

Na kama kuna anayemfahamu binti wa Igoma, khanga ya bluu yenye maua meupe, mwambieni nanunua dawa pale pale kila Jumamosi asubuhi.